Unashuku mtu anampanda farasi wako kisiri? Fanya hivi kabla hujamlaumu saisi

Wacha nianze na jasho, kwa sababu mimi nilianzia hapo na nikakosea hapo hapo.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, ile baridi ya Karen, Nairobi, ya kuvaa sweta mbili. Nikafika stebo, pale farasi wanapolazwa, saa mbili asubuhi nikampata farasi wangu amesimama bandani anakula, mkavu kabisa, lakini mgongoni ana ramani. Sio matope wala vumbi. Chumvi nyeupe ilikuwa imekauka juu ya manyoya ikachora umbo la tandiko, na hilo tandiko halikuwa langu, kwa sababu langu ni dogo linaishia kabla ya ubavu wa mwisho na hii ramani ilipita hapo kwa upana wa kiganja. Mimi nilikuwa sijampanda siku sita. Nikamshika mdomo, pembe za mdomo zinateleza, zimepakwa mafuta. Nikasema aha, mtu anaficha kidonda. Nikageuka nikamwangalia saisi, yule mtunza farasi, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshampigia mwenye stebo nikimwambia saisi wako anampanda farasi wangu nikiwa kazini.

Nilikuwa nimekosea, na gharama ya hilo kosa alilipa mtu mwingine. Kwa hivyo huu mwongozo nimeupanga vile ningetaka mtu angenipangia mimi asubuhi ile.

Kwa ambao hawajui hii biashara: farasi wengi wa watu binafsi Nairobi wanakaa liveri, yaani hauna shamba, unalipa mwenye stebo kila mwezi farasi alale kwake, alishwe, asafishiwe banda. Kuna ya kila kitu, ambapo saisi anafanya yote, na kuna ya nusu, ambapo wewe unaleta chakula au unakuja kufanya kazi mwenyewe. Wengi wetu tuna hawa wastaafu wa mbio za Ngong Racecourse, farasi akiwa hashindi tena anauzwa bei nafuu na mtu kama mimi anadhani amepata bahati. Wangu anaitwa Tangawizi, rangi yake ni hiyo hiyo, na kwa farasi mwekundu chumvi inaonekana kama chaki ubaoni.

Kwanza: nyamaza, kisha usome ulichokubali

Usiseme kitu kwa mtu yeyote siku hiyo. Najua inawasha. Lakini ukishasema, kama kuna mtu anafanya hivyo ataacha kwa wiki mbili halafu ataendelea kwa uangalifu zaidi, na wewe utabaki na hadithi tu.

Rudi nyumbani ufungue mkataba, kama upo. Stebo nyingi hazina mkataba wa maana, kuna karatasi moja ya bei na namba ya M-Pesa. Sasa ingia WhatsApp utafute mazungumzo yako na mwenye stebo tangu mwanzo, tafuta maneno kama "mazoezi", "apandwe", "atembezwe". Liveri ya kila kitu mara nyingi inahesabu mazoezi ndani, yaani saisi anampanda farasi mara kadhaa kwa wiki na hiyo ni huduma unayolipia. Ama labda mwaka jana ulisafiri ukaandika "sawa, mtu anaweza kumpa mazoezi" na hukusema mwisho ni lini. Nimeona mtu akipiga kelele stebo nzima halafu anaonyeshwa meseji yake mwenyewe. Aibu ya siku hiyo usiiombe.

Kama hukuruhusu popote, endelea.

Pili: hakikisha sio ugonjwa

Hii watu wanairuka na ndiyo ya hatari, kwa sababu ukiwa bize kumtafuta mwizi farasi anaweza kukufia. Farasi anatoka jasho kwa sababu nyingi: tumbo linamsokota, ana homa, jua limempiga, amekimbizwa na mbwa usiku. Huku kwetu kuna homa ya kupe, ile watu wa farasi wanaita biliari, inamfanya farasi achoke, apungue, akatae kufanya kazi, na mtu akimwona anasema huyu amechoshwa na mtu. Angalia ufizi. Ukiwa mweupe sana ama wa manjano, ama mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, mpigie daktari wa mifugo, stori ya kupandwa itangoja. Na ukiona vile vishimo juu ya macho vimejaa vikavimba na ana homa, piga simu hapo hapo bila hata kumaliza kusoma hapa, hiyo inaweza kuwa ile homa kali ya farasi inayoletwa na vijidudu vidogo vinavyouma usiku, ambayo chanjo yake ni ya kila mwaka na natumaini umechanja.

Nunua themomita yako. Farasi mkubwa mwenye afya ana joto la kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, moyo unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia, pumzi 8 hadi 16. Moyo unaupima chini ya taya, kuna mshipa unapita pale kwenye mfupa, weka vidole viwili uhesabu sekunde 15 uzidishe kwa nne. Fanya hivyo kila ukifika, wiki nzima, ujue namba za farasi wako mwenyewe. Tangawizi anakaa 34. Siku moja nilimpata ana 56 saa kumi na moja jioni, hana homa, ufizi safi, anakula, na mtu anasema alikuwa bandani tangu saa sita. Haiwezekani.

Na kama farasi anakonda, kabla ya kusema anapandwa, pima chakula. Gunia la pumba lina miguu. Marobota ya boma rhodes, yale majani makavu ya farasi, pia yana miguu. Hiyo ni kesi nyingine lakini dalili zinafanana.

Tatu: usome mwili wake

Hapa ndipo penye utamu. Farasi hawezi kusema lakini ana risiti za kila kitu.

Jasho la farasi sio kama letu. Lina protini inayolifanya litoe povu kama sabuni likisuguliwa, ndiyo maana farasi aliyefanya kazi anakuwa na povu jeupe mahali hatamu zinagusa shingo, katikati ya mapaja ya nyuma, na pembeni mwa tandiko. Farasi aliyetoka jasho kwa homa ama joto analowa sehemu nyingi lakini hana ile mistari ya povu shingoni, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kinasugua. Likishakauka linaacha chumvi. Kwa hivyo angalia umbo. Umbo la tandiko na mstari wa mkanda wa tumbo pamoja, hiyo sio homa. Mstari wa mkanda wa tumbo tu bila tandiko, labda alizungushwa kwa kamba ndefu na mkanda wa mazoezi, muulize mtu kwanza.

Kisha pitisha vidole vyako pande mbili za uti wa mgongo, taratibu, kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni, ukibonyeza sawasawa. Farasi mzima hatajali. Mwenye maumivu ataushusha mgongo kama anakwepa sindano, atalaza masikio, ama atakuonyesha meno. Fanya hivi ukiwa umesimama pembeni, usisimame mahali teke linafika, nisije nikalaumiwa.

Angalia nyuma ya viwiko vya mbele, pale mkanda unapita, kama nywele zimekatika ama kuna vidonda. Angalia mbavuni, pale kisigino cha mpandaji kinagusa, wanaovaa visigino vya chuma wanaacha manyoya yamesuguliwa kama mtu alipitisha msasa. Pembe za mdomo, kama nilivyosema, mtu mwenye mkono mzito atazichubua kwa siku moja. Nywele nyeupe zikianza kuota mahali tandiko linakaa ujue hiyo ni kazi ya wiki nyingi, sio ya jana.

Kwato pia zinasema. Kwetu uwanja wa mazoezi ulikuwa wa mchanga wa mto na njia za nje zote ni udongo mwekundu. Farasi aliyekaa bandani ana samadi na maranda kwenye kwato, ukikuta mchanga umeshikana ndani ya kwato, na wewe una uhakika hakuachiliwa uwanjani, umeshajua alikuwa wapi. Muulize fundi wa kwato pia, yeye anamwona kila baada ya wiki sita hivi na anajua viatu vinaisha kwa kasi gani. Wangu aliniambia "huyu mbona anakula viatu kama farasi wa polisi?" na mimi nilikuwa nampanda Jumamosi na Jumapili tu.

Tabia sitazungumzia sana. Watu wanasema farasi amebadilika, amekuwa mkali, anakimbia akiona tandiko. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa wewe. Usiijengee kesi.

Nne: usome vifaa

Nenda stoo ya matandiko ukiwa peke yako. Shika kitambaa cha chini ya tandiko, kama ni kibichi ama kimekauka kikawa kigumu kama samaki wa ng'onda na wewe ulikiosha, hilo ni jibu. Shika lijamu, kile chuma cha mdomoni, kama ina ute uliokauka wa kijani na uliiacha safi, jibu lingine.

Lakini kitu kizuri kuliko vyote ni mikanda ya vikuku, vile vyuma vya kukanyagia miguu ukipanda. Kila mpandaji ana urefu wake wa miguu na mikanda ina matundu. Mimi natumia tundu la tisa. Mtu mwenye miguu mifupi, mtoto kwa mfano, atapandisha mpaka la tano ama la nne, na watu wengi wanakumbuka kurudisha tandiko mahali pake lakini kurudisha mkanda kwenye tundu lako hawakumbuki, ama wanarudisha wa kushoto wanasahau wa kulia. Hiyo ndiyo ilinifungua macho, kwa sababu yule saisi niliyemlaumu ni mrefu kuniliko kichwa kizima, na mikanda ilikuwa kwenye tundu la nne. Mtu mzima wa futi sita hakai kwenye tundu la nne hata ukimlipa, magoti yatafika masikioni.

Niliiona hiyo siku ya tatu. Nilikuwa nimeshamshtaki siku ya kwanza.

Tano: daftari

Andika tarehe, saa uliyofika, mapigo ya moyo, ulichoona, na siku yenyewe ilikuwa siku gani ya wiki. Piga picha kila kitu, simu inaweka tarehe yenyewe. Baada ya wiki tatu ama nne kaa chini uangalie kama kuna mpangilio. Wangu ulitoka wazi kabisa: Jumanne na Alhamisi jioni, na zaidi wakati shule zimefungwa. Hapo jiulize ni nani anakuja stebo siku hizo. Saisi yupo kila siku, kwa hivyo kama ni yeye dalili zingetapakaa wiki nzima. Jumanne na Alhamisi jioni yalikuwa masomo ya watoto kujifunza kupanda, na farasi mmoja wa masomo alikuwa anachechemea tangu Julai.

Stebo yenye shule ya kupanda na liveri pamoja, farasi wa shule akiumia, mzazi ameshalipa, mtoto ameshavaa kofia yuko mlangoni, na farasi wako mpole amesimama pale hana kazi. Simtetei mtu, nakuonyesha tu vishawishi vinatoka wapi. Sherehe za bethdei pia ziweke kwenye hesabu.

Na uangalie picha. Watu hawawezi kujizuia kupost. Ingia kwenye kurasa za stebo, angalia status za watu unaowajua pale. Mimi nilimpata Tangawizi kwenye picha, kuna mtoto juu anacheka, na yeye na soksi yake nyeupe mguu wa nyuma wa kushoto na ile alama ya paji la uso kama koma iliyogeuzwa. Niliipiga skrinshoti mara tatu kwa hasira. Ukichukua picha ya namna hiyo ifiche sura ya mtoto, yeye hana kosa, alilipiwa somo.

Sita: mitego midogo, sio kufuli

Weka alama ya chaki ndogo kwenye mkanda wa kikuku pale tundu lako lilipo. Funga unywele mmoja wa mkia wa farasi kwenye chuma cha mkanda wa hatamu, ukikatika unajua. Kunja hatamu kwa namna yako, piga picha.

Kufuli usikimbilie. Nilifungia tandiko langu kwenye buti ya gari wiki mbili nikajiona mjanja, kumbe wao wakaendelea na tandiko lingine lolote lililokuwa stoo, na tandiko lisilomkaa farasi linamuumiza mgongo kuliko kazi yenyewe. Nilikuwa nimemwongezea maumivu kwa pesa ya kufuli.

Kamera ni sawa, lakini iangalie banda la farasi wako tu, na mwenye stebo ajue ipo. Masaisi wengi wanaishi hapo hapo, wanaoga hapo, wanakula hapo, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ukielekeza kamera kwenye vyumba vya watu kesi itageuka ikufuate wewe.

Saba: zungumza na saisi, lakini sio kama polisi

Saisi anajua. Hakuna farasi anayetoka bandani bila yeye kujua, yeye ndiye anamtandika. Swali sio kama anajua, swali ni kama anaweza kukuambia, kwa sababu mshahara wake hautoki kwako, unatoka kwa yule ambaye labda ndiye alisema mtandike.

Kwa hivyo usimwulize mbele ya watu, usimwulize "nani anampanda?" Nenda wakati hana kazi nyingi, alasiri hivi, beba hata soda, salimia vizuri, muulize kuhusu farasi. Yangu ilikuwa hivi, siku ya kumi hivi, baada ya kuwa nimeshaharibu na yeye amerudi kazini:

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba mama."

"Huyu mgongo wake unamuuma. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Akanyamaza, akaendelea kuchana mkia. Baadaye akasema, "Mimi ningeuliza mwenyewe ratiba ya Alhamisi."

"Ratiba ya Alhamisi."

"Mimi sijasema kitu mama."

"Hujasema kitu mzee."

Inatosha. Usimlazimishe aandike, usimrekodi, usitaje jina lake popote baadaye. Useme uligundua kwa matundu na daftari, kwa sababu ni kweli.

Na kama ikitokea ni saisi kweli, bado sikiliza. Kuna wakati hujaja kumwona farasi wiki tatu, amejaa nguvu, anapiga teke milango, na saisi anampanda dakika ishirini ili aweze kumsafishia banda bila kuvunjwa mguu. Hiyo sio ruhusa, lakini sio sawa na mtu anayemkodisha, na dawa yake ni kupanga mazoezi na kumlipa mtu wa kuyafanya.

Nane: mwenye stebo

Omba mkutano kwa meseji, ili ibaki imeandikwa. Meseji fupi: "Habari za leo. Naomba tuonane wiki hii tuzungumze kuhusu kazi anayofanya Tangawizi nikiwa sipo." Usiweke ushahidi kwenye meseji na usiipeleke kwenye grupu, grupu la stebo ni moto wa petroli.

Ukifika, uliza swali halafu ufunge mdomo. "Ni nani amempanda mwezi huu?" Nyamaza. Watu wengi hawavumilii kimya, watakijaza. Akisema hakuna, toa daftari, toa picha ya matundu, ya mwisho kabisa toa skrinshoti. Akisema "ni mara moja tu", uliza tarehe.

Wangu alisema kwanza hakuna, halafu mara moja, halafu akasema farasi anahitaji mazoezi na mimi nilipaswa kushukuru. Hapo nilitaka kucheka.

Jua unataka nini kabla hujaingia. Mimi nilitaka vitu vitatu: iache, nirudishiwe pesa ya daktari na ya viatu, na iandikwe ni nani anaruhusiwa kumgusa. Mwingine atakubali farasi atumike kwa masomo na liveri ipunguzwe, ni mpango wa kawaida tu na hauna ubaya ukiandikwa: mara ngapi kwa wiki, tandiko gani, mpandaji asizidi uzito gani. Kipimo wengi wanachotumia ni asilimia 20 ya uzito wa farasi, tandiko likiwa ndani, kwa hivyo farasi wa kilo 450 mwisho ni 90 kwa jumla, na kama ana mgongo mbovu shusha zaidi.

Uliza pia swali moja ambalo litamfanya akae vizuri kwenye kiti: mtoto wa mtu akianguka kutoka kwa farasi wangu, nani analipa hospitali? Kama bima yako inasema mpandaji ni wewe na watu uliowaruhusu, na bima yake ni ya farasi wa shule, basi yule mtoto alikuwa juu ya farasi asiye na bima kabisa. Mimi mazungumzo yaligeuka hapo. Kabla ya hapo nilikuwa mama mwenye makelele.

Tisa: ikifika sheria

Wengi wanadhani bila wizi hakuna kosa. Sio hivyo. Kenya, Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuchukua ama kutumia bila haki mnyama wa kupandwa au wa kukokota, gari, baiskeli ama chombo cha majini cha mtu, hata kama hukukusudia kuiba. Tanzania pia ina kifungu kinachofanana na hicho. Wenzetu mlio Uingereza mna shida zaidi, kule ile sheria ya kuchukua gari la mtu ukaendeshe bila ruhusa haishiki farasi, mahakama iliamua mwaka 1978 kwamba farasi sio chombo kilichotengenezwa kubeba watu, hata ukimvalisha hatamu. Kule itabidi ufuate madai.

Kama farasi ameumizwa, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inataja pia kumpanda mnyama kupita kiasi, na KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, wako hapo hapo Langata Road, wanajua farasi. Kwa pesa peke yake, jaribu Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai mpaka shilingi milioni moja, hauhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Beba ripoti ya daktari, risiti, picha, daftari, meseji.

Mimi sikufika huko. Nilirudishiwa pesa ya daktari, ya viatu nikaisamehe, nikahama.

Kumi: kuhama

Tafuta kwingine kwanza kabla ya kutoa notisi. Lipa deni lote, mwenye stebo anayekudai akishika farasi wako kwa deni la liveri utajuta. Chukua kitabu cha chanjo, tandiko, blanketi, hata ndoo. Siku ya kuhama piga picha farasi pande zote.

Kwenye mkataba mpya niliandika mstari mmoja, naupeana bure: "Farasi hatapandwa, hatazungushwa wala kutolewa nje ya stebo na mtu yeyote bila meseji ya mwenye farasi ya siku hiyo." Ya siku hiyo, hayo maneno matatu usiyasahau.

Na kama ulimlaumu mtu

Yule mzee alikuwa amesimamishwa kazi wiki moja bila malipo kwa sababu ya simu yangu ya asubuhi. Rudisha jina la mtu pale pale ulipoliharibu, mbele ya wale wale. Mimi nilimwomba msamaha mbele ya mwenye stebo na masaisi wengine wawili, nikampa pesa ya ile wiki, hakutaka, nikaiacha juu ya pipa la pumba.

Wakati tunampakia Tangawizi kwenye trela ndiyo nikakumbuka kumwuliza kuhusu mafuta ya mdomoni, yale niliyoyaona siku ya kwanza nikasema anaficha kidonda.

"Ni vaselini mama," akasema. "Wale watoto walikuwa wanamvuta sana. Nilikuwa nampaka kila jioni."

Akatoa mfukoni kikopo kidogo cha bluu kilichobaki robo, akanipa niende nacho.